Mjomba wangu alizikwa na watu 14: naomba tuongee kuhusu kupokeana kanisani

BintiSahare (mleta uzi)

Habari zenu wana Tanga, mlioko nyumbani na mliotawanyika.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara nyingi. Leo nauacha. Ni mrefu, mwenye haraka apite salama, atakayebaki namwomba asome mpaka mwisho kabla ya kujibu.

Mjomba wangu, tumbo moja na mama, alikuwa fundi cherehani Ngamiani. Jumapili alikuwa mwalimu wa kwaya katika usharika mmoja wa Kilutheri wa hapa mjini ambao sitautaja. Utepe wa kupimia alikuwa akiusahau shingoni, anaingia nao kanisani, na akishaanza kuongoza wimbo utepe unacheza naye. Nota aliziandika kwa mkono, zile za herufi, sauti ya kwanza kwa kalamu ya bluu na sauti ya nne kwa nyekundu. Hakuoa. Miaka mingi aliishi na rafiki yake, na sisi watoto tulimwita yule naye mjomba. Krismasi tulitumwa na maandazi tuwapelekee wote wawili, na hakuna mkubwa aliyewahi kutuambia neno.

Baadaye maneno yakaanza. Wazee wa kanisa walimwita mara ya kwanza, wakamwita tena. Hakukubali wala hakukana, alisema yeye kanisani amekuja kuimba. Akaondolewa kwenye kwaya, kisha akatengwa. Alifariki 2011, sukari ilimmaliza. Mwinjilisti alifika nyumbani, akaomba sala fupi, akaondoka jeneza halijafungwa. Kwaya haikuja.

Mnajua mazishi ya kwetu. Jeneza halikai begani kwa mtu hatua kumi, watu wanapokezana, hata mpita njia asiyemjua marehemu anashuka kwenye baiskeli, anaiegemeza ukutani, anasogeza bega. Siku ile wabebaji walikuwa wanne, hao hao tangu nyumbani mpaka makaburini. Waliweka chini mara tatu kupumzika. Mara ya tatu palikuwa na tope, mvua ilikuwa imenyesha usiku, na mama alivua kanga yake ya juu akaitandika ili kaka yake asiguse matope. Nilihesabu watu 14, na mchimba kaburi nimemtia humo.

Miaka mitatu baadaye nilikwenda Marekani kusoma uuguzi, jimbo la Massachusetts. Mwenzangu wa kazini alinialika kwenye usharika wao. Ni Waunitaria-Wauniversali, kwa wasiowajua nieleze kidogo. Hiyo ni mito miwili iliyokutana. Wauniversali walijipanga kama kanisa mwaka 1793, wakihubiri kwamba Mungu hatamtupa mtu yeyote milele. Waunitaria waliunda umoja wao 1825, wao walikataa fundisho la Utatu. Wakaungana 1961, na makao yao makuu yako Boston. Hawana kiri ya imani. Kwenye benchi moja utamkuta anayemfuata Kristo, Mbuddha, na anayesema wazi kwamba haamini kama Mungu yupo. Mbele wanawasha moto katika kikombe, alama iliyochorwa mwaka 1941 na mchoraji mkimbizi, Hans Deutsch, kwa ajili ya kamati yao iliyokuwa ikiwasaidia watu kuwakimbia Wanazi.

Nilishtuka, sifichi. Mimi niliyelelewa kusimama na kusema "Namwamini Mungu Baba" kila Jumapili nilikaa pale kama mtu aliyeingia harusi asiyoalikwa. Lakini mengine yote niliyajua. Wana ahadi za sadaka kama zetu, wana vikao visivyokwisha, wana ugomvi wa paa linalovuja. Mchungaji wanamchagua wenyewe kwa kura. Baada ya ibada hakuna anayekimbilia nyumbani: kwetu ni mnada wa sadaka, kuku na mikungu ya ndizi, kwao ni kahawa katika ukumbi wa chini, na humo ndimo unapojua nani anaumwa na nani amefukuzwa kazi.

Na humo ndimo nilipowakuta wazee wawili, wanaume, mmoja seremala mstaafu, mwingine alikuwa mwalimu wa muziki shuleni. Wameishi pamoja tangu ujana. Mmoja ndiye aliyekuwa akipanga viti, mwenzake anapiga piano. Hakuna aliyewanong'oneza.

Nilidhani ni Marekani tu ilivyo. Mama mmoja mkongwe alinisahihisha tukiwa tunaosha vikombe. Mkutano mkuu wa Wauniversali na Waunitaria ulipitisha azimio la kupinga ubaguzi dhidi ya wapenzi wa jinsia moja mwaka 1970. Mwaka 1984 ukaridhia wachungaji wao wabariki wapenzi hao. Na bado, aliniambia, azimio ni karatasi. Watu waliendelea kukaa viti vya nyuma na kuondoka kabla ya kahawa. Ndiyo maana 1989 ulipitishwa mpango mwingine: usharika unaotaka kuitwa wenye kukaribisha sharti kwanza uketi ujifunze, usikilize waliomo ndani yake wenyewe, ndipo upige kura. Wao walikaa jioni kwa jioni karibu miaka miwili. Jioni ya kwanza kuna aliyeuliza, "Na watoto wetu je?" Familia kadhaa ziliondoka, na moja ilikuwa ya dada yake wa kuzaliwa.

Kilichowashinda kwa muda mrefu zaidi, alisema, kilikuwa kitabu cha majina ya washarika. Mume na mke wanaandikwa mstari mmoja, simu moja, anwani moja. Wale wazee wawili walikuwa wakiandikwa kila mmoja kivyake, kwenye kurasa mbili tofauti, na nyumba ni hiyo hiyo. Walibishana kuhusu mstari ule kuliko walivyobishana kuhusu Biblia. Mwaka walipoandikwa pamoja, yule seremala alichukua nakala tatu.

Mwaka 2018 mama yangu alifariki hapa Tanga. Nilikuwa katikati ya mitihani ya leseni, nauli sina, na karatasi zangu za uhamiaji zilikuwa hazijakaa sawa, ningetoka nisingerudi. Nilizikiwa mama kwenye simu. Jioni ile wale wazee wawili waligonga mlango. Hawakuleta maua. Yule mwalimu wa muziki aliniuliza, "Kwenu mnafanyaje?" Nikamwambia kwetu hatufanyi kitu, tunakaa. Akarudia, "Mnakaa." Wakavua viatu, maana walikwishaona navua, wakakaa chini kwenye zulia, magoti yao yale ya uzee yakilia. Walikaa siku tatu. Wakichoka mmoja anakwenda kulala, mwenzake anabaki. Wengine wa usharika wakawa wanakuja na vyungu vya chakula, kuna aliyejaribu wali wa nazi ya kopo ukawa uji, tukaula.

Usiku wa pili niliwasimulia habari za mjomba. Yule seremala aliuliza jambo moja tu: wale wanne walikuwa nani. Nikamtajia mmoja mmoja: rafiki yake mjomba, baba yangu, jirani yetu Mwislamu, na kijana wa duka la vitambaa. Akasema angependa kuwashika mkono.

Watu ambao sisi tungekataa kuwabeba ndio waliokaa matanga ya mama yangu. Sijapata pa kuliweka jambo hili moyoni mpaka leo.

Sasa nimerudi, nafanya kazi hapa, na mimi bado ni Mlutheri. Natoa ahadi, jumuiya ya mtaa naihudhuria Jumamosi alfajiri na kikapu cha sadaka kinapita kwangu. Sijaja kumwambia mtu abadili dini. Nauliza hili: neno letu wenyewe ni usharika, limetoka kwenye kushiriki. Utengo gani unaofika mpaka kwenye mabega, jeneza likabaki na watu wanne?

Mzigua_wa_Handeni

Dada, pole sana kwa mama na mjomba. Nimesoma mpaka mwisho kama ulivyoomba.

Lakini niseme ninachoamini. Walawi 18 ipo, Warumi 1 ipo, hatuwezi kuzichana. Mwaka 2009 Walutheri wa Marekani walikubali wachungaji walio katika mahusiano ya jinsia moja, na mwaka uliofuata maaskofu wetu wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, wakatoa Tamko la Dodoma kukataa ndoa za namna hiyo. Lilitugharimu marafiki na fedha pia, lakini msimamo ni msimamo. Hao unaowasifu wamekwambia wenyewe hawana kiri ya imani. Nyumba isiyo na mlango kila mtu anaingia, siyo kwamba mwenyewe ni mkarimu. Sisi tuna mlango.

BintiSahare

Kaka Mzigua, asante kwa kusoma na kwa heshima. Hoja yako naichukua kwa uzito, hata mimi ilinisumbua mwaka mzima wa kwanza.

Nilichokiona ni kwamba mlango wanao. Mwaka 1985 walipitisha kanuni saba za kuishi, ya kwanza ni utu na thamani ya kila mtu, na mwaka 2024 wameandika upya wakauweka upendo katikati. Mtu akimdhalilisha mwenzake kwenye kikao anasimamishwa, anakumbushwa agano. Kuna aliyesimamishwa mbele yangu, tena mchangaji mkubwa. Kwa hiyo kipo wanachokilinda, na kiliwagharimu zile familia zilizoondoka.

Kuhusu Tamko la Dodoma, ni ndoa lililokataa. Mjomba hakuomba ndoa. Aliomba kuimba, na siku ya mwisho hakuomba kitu kwa sababu alikuwa amekufa. Na huo waraka kwa Warumi ulioutaja, ukiendelea mpaka sura ya 12 utakuta: "Furahini pamoja nao wafurahio, lieni pamoja nao waliao." Mama yangu alikuwa analia, kaka. Alikuwa mshirika hai, hajatengwa. Nani alilia naye?

Kijana_Makorora

Mleta uzi unaandika vizuri lakini haya ni mambo ya Wazungu, Mwafrika hana haya. Wanatuletea na misaada.

Ngalawa

Kijana, tuseme yaliyo kweli. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kinachotoa kifungo cha maisha au si chini ya miaka 30, shina lake ni sheria za Waingereza walipotutawala. Adhabu ilikuja kuongezwa ukali na Bunge letu mwaka 1998, lakini mbegu ilikuja na meli. Waingereza wenyewe walianza kuiondoa kwao mwaka 1967 kwa England na Wales. Marekani ilikuwa na majimbo yanayofunga watu kwa jambo hili mpaka Mahakama ya Juu ilipozibatilisha sheria hizo 2003. Kwa hiyo Mzungu unayemsema, juzi tu alikuwa anafunga.

Na kwa kuwa sheria ipo hai, nawaomba wote humu: hakuna kutaja jina, mtaa wala duka la mtu aliye hai. Dada, futa pale ulipomtaja rafiki wa marehemu kama bado yupo.

BintiSahare

Ngalawa, asante. Hayupo. Alimfuata mwenzake miezi minane tu baadaye.

Kijana_Makorora, Desmond Tutu alikuwa Mwafrika, na askofu mkuu. Mwaka 2013 pale Cape Town alisema mbingu inayowachukia watu hawa yeye hataki kuingia. Binti yake Mpho, naye kasisi, alifunga ndoa na mwanamke na ikabidi arudishe kibali chake cha ukasisi Afrika Kusini mwaka 2016. Na mjomba wangu hakupata kutoka nje ya mkoa isipokuwa kwenda Dar kununua vitambaa.

BiMwanatanga

Mwanangu BintiSahare, pole mama. Mimi si wa dini yako, mimi Mwislamu wa Chumbageni, nina miaka sabini na ushei, ananiandikia mjukuu.

Nimesoma hili neno mnalolizunguka. Sisi wanawake wa pwani shoga ni rafiki yako wa ndani. Nilikuwa na shoga yangu tumekua pamoja, tumezaa pamoja, nikimwita dirishani "we shoga!" na barabara nzima inasikia, hakuna aliyegeuka. Siku hizi wajukuu wananikataza, bibi usiseme hivyo. Neno la mapenzi limegeuzwa tusi mikononi mwetu, tukalikabidhi wenyewe.

Na hao watu tulikuwa nao. Nilipoolewa mimi, aliyenipamba na kunifunga ushungi wa harusi alikuwa mwanamume wa namna hiyo, mashuhuri, akiitwa mpaka Pangani. Mashekhe walijua, wakimwambia amche Mungu, naye akiitikia, na Ijumaa yuko msikitini. Sikusifu wala sikulaani, nakwambia nilichokiona. Alipokufa alioshwa, alivishwa sanda, aliswaliwa, alizikwa na watu wamejaa. Kwetu maziko ni faradhi kifaya, wasipotokea watu wa kuifanya dhambi ni ya mji mzima. Maiti hana hesabu na binadamu tena, hesabu yake imekwishahamia kwingine. Huyo jirani yenu aliyebeba alifanya lililompasa, Mungu amlipe.

Mimi dini yangu hailihalalishi jambo hili, na sitasema linahalalika. Lakini wanne? Tanga hii?

Mzigua_wa_Handeni

Bibi, shikamoo. Umenisimamisha hapo.

Dada, niseme hili. Ndoa bado nakataa na nitaendelea kukataa. Lakini nimemuuliza mama watoto jioni hii, kwenye jumuiya yetu akifa aliyetengwa tunafanyaje, akanijibu, "Tunasubiri kusikia kanisa linasemaje." Sikupenda nilivyolisikia jibu lile. Mimi ni mzee wa kanisa. Ningeweza kwenda bila kusubiri.

Asumini

Samahani, naingilia. Usharika kama huo upo huku kwetu Afrika Mashariki? Nauliza kwa ajili yangu.

BintiSahare

Waunitaria-Wauniversali wapo Kenya, Uganda na Burundi, vikundi vidogo. Hapa Tanga sijui wa kukuonyesha na sitakudanganya. Lakini kama ni mtu wa kukaa naye unatafuta, niandikie pembeni, mdogo wangu. Mimi ni muuguzi, ninajua kukaa.

Na kuna kitu nataka nikusimulie, ukibebe. Kila mwaka, karibu na Septemba, washarika wale wanaleta kila mtu maji kidogo kutoka mahali panapomhusu, wanayamimina katika bakuli moja. Ilianzishwa na wanawake wawili mwaka 1980. Nilipopata likizo ya kwanza kuja nyumbani, nilichota maji ya bahari hapa Sahare kwenye chupa ndogo ya dawa, nikaifunga kwa plasta, nikaiweka ndani ya kiatu kwenye begi. Siku ya ibada nilisimama mbele ya watu wale nikasema haya ni ya mama yangu na ya kaka yake. Nikamimina. Yalikuwa na mchanga. Yule mwalimu wa muziki alikuwa kwenye piano, akasubiri mpaka mchanga ukatua ndipo akaanza kupiga.

SautiYaTatu

Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu, nimetumiwa na mtu.

Dada, usiniulize jina. Nilikuwa kwaya ile. Sauti ya tatu, nilisimama mstari wa nyuma. Ule utepe wa kupimia naukumbuka, tulikuwa tukifuata utepe badala ya mkono.

Asubuhi ya mazishi tuliambiwa atakayekwenda atasimama pembeni miezi mitatu. Mimi matangazo yangu ya ndoa yalikuwa yasomwe Jumapili ile. Nilibaki ndani nimefunga mlango, na jeneza lilipita barabara yetu. Nilijua limepita kwa sababu ya viatu, palikuwa kimya na viatu vinasikika vichache. Mke wangu sijapata kumwambia.

Sikuja kutafuta kusamehewa kwenye simu. Daftari lake la nota ninalo mimi. Alinipa ninakili wimbo wa Pasaka, kabla hajaondolewa, na sikurudisha. Bluu na nyekundu kama ulivyosema. Kurasa za mwisho kuna wimbo ambao hatukuwahi kuufundishwa, ameandika sauti ya kwanza mpaka ya tatu, ya nne hajaimalizia. Daftari ni lenu. Nikuletee wapi?

BintiSahare

Nimesoma nikiwa zamu, nikatoka nje kidogo.

Kaka, lilete. Tutapanga pembeni, usiandike mahali hapa. Njoo na mke wako ukiweza, usipoweza njoo peke yako. Nyumba ni ile ile, cherehani bado iko ukumbini, hatukuiuza.

Na ile sauti ya nne, baba yangu aliiimba miaka kumi. Ana miaka 78, macho hayaoni vizuri lakini nikimsomea herufi anaimba. Nimemwambia sasa hivi kwa simu. Ameuliza wimbo umeanzia do gani.

SautiYaTatu

Do ni F. Kesho kutwa, baada ya kazi.